Taa ya injini yarudi baada ya kubadilisha sensa ya oksijeni

Assalam aleikum mafundi. Toyota Probox, injini 1NZ, Malindi. Msimbo wa hitilafu ni P0171. Fundi ametia sensa mpya ya oksijeni ya mbele, akafuta msimbo. Siku mbili tu, taa imewaka tena, msimbo uleule. Tatizo liko wapi?

— Waaleikum salaam ndugu yangu. P0171 maana yake hewa imezidi mafuta. Sensa ni shahidi tu, inasema ilichokiona. Injini ikishapata moto, soma kwenye skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yakiwa zaidi ya +10% gari limesimama injini ikinguruma, kisha yakashuka ukishikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inayovuja kuingia ndani. Kunjua mpira unaopeleka hewa kwenye injini kwa vidole, mkunjo kwa mkunjo. Ufa hujificha ndani na hauonekani mpaka uuvute. Halafu kagua vimipira vya vakyumu na gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Yakipanda kwa mwendo, shuku pampu, chujio la mafuta au sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia) iliyochafuka.

— Naongezea: sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu, si dawa ya breki, na usiuguse waya wake. Chomoa soketi yake pia. Pini zikiwa na ukungu wa kijani, hiyo ni chumvi yetu ya pwani.

— Tafadhali usichomoe betri kuzima taa, unafuta ushahidi. Rekebisha, futa kwa skana, endesha hadi Kilifi na kurudi, ukague msimbo unaosubiri, yaani uliokwisha kunaswa kabla taa haijawaka. Taa ikimetameta, simama: katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) inaungua.