Mrejesho: Datsun 240Z iliyokuwa ikifurika petroli

Wakuu, niliwauliza kwa nini kabureta ya mbele ya 240Z yangu inamwaga petroli na plagi zinatoka nyeusi, zimelowa. Asanteni sana, tatizo limepatikana.

Floti, lile boya linaloelea kwenye petroli ndani ya kabureta, ni nzima. Tuliitikisa sikioni, hakuna petroli ndani. Sindano inayofunga njia ya petroli floti ikipanda ndiyo imelika nchani, ina kamfereji unachokihisi kwa ukucha. Lakini fundi wetu wa Ngamiani hakuridhika, akapima presha ya pampu ya umeme aliyoiweka mwenye gari wa zamani: paundi 7 kwa inchi ya mraba! Kabureta hizi zinataka 3 hadi 4 tu, hata sindano mpya ingesukumwa. Tumefunga sindano mpya na kidhibiti presha, tukarekebisha usawa wa floti. Oili nayo tumemwaga, ilishanuka petroli.

Jamani, msilipuuze hili. Kwenye injini hii kabureta zimekaa juu ya manifoldi ya ekzosi (bomba la moto linalopokea moshi wa injini), petroli ikidondokea pale ni moto. Gari lililoshinda Safari Rally 1971 na 1973 halistahili kuteketea hivyo.

Jana nimekwenda nalo Pangani na kurudi, harufu hakuna. Kabureta ya nyuma tutaifungua sindano yake ikifika.