Mikopo ya asilimia 10: tuikabidhi kwa benki au ibaki halmashauri?

Ndugu wachangiaji, tangu mikopo ambayo halmashauri za Tanzania huwapa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu irejeshwe mwaka 2024, baada ya kusitishwa Aprili 2023 kutokana na ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, iliyoibua vikundi hewa na mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa, wengi wanasema dawa ni kuiondoa mikononi mwa halmashauri na kuikabidhi kwa benki. Serikali nayo ilizichagua halmashauri 10, zikiwamo Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli, zianze kwa utaratibu huo. Mimi sikubaliani nao, ingawa wizi uliofanyika siutetei hata kidogo.

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo hiyo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Benki inaishi kwa riba, na hata ikilipwa ada ya kuendesha mfuko huo, itaelekea kwa mkopaji mwenye duka karibu na tawi lake. Mabilioni ya JK ya mwaka 2006, mikopo ya Rais Jakaya Kikwete ya shilingi bilioni moja kwa kila mkoa, yalianza kwa kupitia benki za CRDB na NMB, na kilio cha vijijini kilikuwa kwamba fedha ziliishia kwa watu wa mjini waliokuwa na dhamana.

Kwa mkulima, ugonjwa mkubwa zaidi ni kalenda. Tuchukulie kikundi cha akina mama wanaolima alizeti Singida. Mbegu zinatakiwa ardhini Desemba au Januari, lakini fomu zao zinatoka kijijini kwenda kata, kutoka kata kwenda wilayani, zinasubiri vikao, na fedha zinaingia Machi, wakati palizi imeshapita. Marejesho nayo yanadaiwa kila mwezi, ilhali alizeti inauzwa mara moja kwa mwaka, na bei ikianguka kama ilivyoanguka mwaka 2023, hata aliyevuna vizuri hana cha kupeleka. Kikundi hicho kitaandikwa kuwa ni wadaiwa sugu, kiwekwe kapu moja na wale waliobuni majina. Mkopo wa kilimo utolewe kabla ya mvua na ulipwe baada ya mavuno. Hilo halihitaji benki, linahitaji kanuni na ofisa anayejua msimu. Orodha ya wakopaji nayo ibandikwe ofisi ya kijiji, kwa sababu majirani ndio wanaojua nani yupo na nani hayupo.

Jibu kutoka kwa mchangiaji mwingine

Mtoa hoja, kuhusu msimu nakuunga mkono kabisa, lakini umemruka mtu mmoja muhimu, naye ni diwani. Anayekaa kwenye vikao vya halmashauri ndiye huyo huyo atakayerudi kuomba kura kwa wakopaji, na mara ngapi tumesikia majukwaani mkopo ukitangazwa kama zawadi? Mwananchi aliyeambiwa amepewa hela ya serikali haoni sababu ya kuirudisha, na ofisa maendeleo ya jamii, ambaye mara nyingi hana hata mafuta ya pikipiki, hawezi kumfuata kijiji kwa kijiji. Meneja wa benki hagombei udiwani.

Vilevile tuache kuchanganya mkopo na ruzuku. Kaya isiyo na akiba ya chakula inahitaji ruzuku ya aina ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Ukiipa mkopo unaitafutia aibu mbele ya majirani, na orodha unayotaka ibandikwe itakuwa imeikamilisha.

Lakini kinachonisumbua zaidi hamkigusi, wewe na hao unaowapinga. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni fedha nyingi Ilala au Kinondoni, kwenye leseni na ushuru wa kila aina. Kwenye wilaya inayotegemea ushuru wa mazao na minada ya mifugo ni kiasi ambacho vikundi vichache tu vinakimaliza, tena mwaka wa ukame kinapungua wakati hasa watu wanapokihitaji. Ipitie benki au ofisi ya mkurugenzi, wilaya maskini itaendelea kugawana kidogo. Je, sehemu ya fungu hili isikusanywe kitaifa na kugawanywa kwa kuangalia umaskini wa wilaya, hata kama madiwani wa Dar es Salaam watapiga kelele?