Labrador au Golden Retriever kwa nyumba yenye watoto?

BabaWawili
Habari zenu wakuu. Nyumbani tumekubaliana tufuge mbwa, na karibu kila tunayemuuliza anataja Labrador au Golden Retriever. Kuna mfugaji ana watoto wa aina zote mbili, wana wiki sita, na anataka jibu Jumamosi. Nichukue yupi? Na hawa retriva wana nini hasa hata wakasifiwa hivi?

Kambandefu
Mkuu, umeacha yale tunayoyahitaji. Watoto wako wana umri gani? Mchana mbwa atashinda na nani? Umemwona mama wa hao watoto wa mbwa? Bila hayo tutakuchagulia rangi ya manyoya tu.

Swali la pili nalijibu sasa. Retriva ni mbwa wa kuokota. Mwindaji akishapiga ndege, mbwa anamfuata hata majini na kumleta mkononi bila kumtoboa. Kazi hiyo inataka mdomo laini, moyo usioshtuka kwa mlio wa bunduki, na jicho linalomrudia mtu kila mara kungoja agizo. Asiye na sifa hizo hakuzalishwa. Golden ni wa Scotland: mwaka 1868, huko Guisachan, Lord Tweedmouth alipandisha jike aitwaye Belle, wa aina ya Tweed Water Spaniel ambayo leo imetoweka, kwa dume wa manjano aitwaye Nous. Labrador chimbuko lake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, akaja kukamilishwa Uingereza. Sufuria ikianguka jikoni au mtoto akimkumbatia ghafla, utulivu unaouona ndio ule ule uliotakiwa penye bunduki.

Mimi nasema Labrador. Anapenda kula, kwa hiyo hufundishika haraka.

Nyayo4
Hapo kwenye kula usipapite. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana upungufu kwenye jeni ya POMC, ambayo inahusika na kujisikia kushiba. Tena ulionekana zaidi kwa mbwa wanaosaidia watu wenye ulemavu. Kinachomfanya afundishike ndicho kinachomnenepesha. Chakula chake pima kwa mizani, kikombe kinadanganya, na vipande vya chakula vya kumfundishia vitoke kwenye kipimo hicho hicho cha siku. Ukipitisha kiganja ubavuni uhisi mbavu bila kubonyeza.

Ushauri wangu: waache wote wawili, tafuta mbwa mzima wa miaka miwili au mitatu, hata chotara. Tabia yake imeshaonekana. Mtoto wa retriva anatafuna kila kitu, maana mdomo ndiyo mikono yake, na Labrador wengi hawatulii kabla ya miaka miwili.

DktKwato
BabaWawili, kabla ya kuchagua aina, omba karatasi za wazazi wote wawili. Eksirei ya nyonga na viwiko, uchunguzi wa macho, na vipimo vya vinasaba: prcd-PRA ya upofu kwa aina zote mbili, EIC kwa Labrador (hulegea miguu ya nyuma akikimbia sana), na ikthiosi kwa Golden (ngozi hubanduka magamba). Kwa Golden uliza pia babu na bibi walikufa kwa nini, kwani saratani za damu na za mishipa ya damu zinawasumbua mno. Na wiki sita ni mapema kumtoa kwa mama, ngoja zifike nane. Wiki hizo mbili anajifunza kwa ndugu zake kupunguza nguvu ya kung'ata.

Chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane, kisha kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afike wiki 16. Usiikatishe katikati. Kinga aliyopata kwenye maziwa ya mama huizuia chanjo isifanye kazi, na kila mtoto huishiwa kinga hiyo siku yake.

BabaWawili
Asanteni. Watoto wana miaka 3 na 8. Mchana hakuna mtu kwa saa tisa hivi. Tungependa pia alinde nyumba. Golden akipukutisha manyoya sana si tutamnyoa tu?

Mkasi_na_Brashi
Usimnyoe! Ana tabaka mbili. Manyoya mafupi ya ndani hukua haraka, marefu ya nje polepole, na mengine hayarudi kama zamani. Unabaki na mbwa mwenye mabaka ya sufi, ngozi yake ikipigwa na jua moja kwa moja. Mchane mara mbili au tatu kwa wiki: inua manyoya kwa mkono mmoja, chana mstari kwa mstari kuanzia kwenye ngozi, kisha pitisha kitana cha chuma nyuma ya masikio, kwapani na mapajani. Kitana kikikwama, hapo bado. Na usidhani Labrador hapukutiki. Vinyoya vyake vifupi huchoma kwenye kitambaa cha kochi na havitoki kwa kufagia.

Kambandefu
Suala la ulinzi liondoe kabisa. Atabweka, kisha atampelekea mgeni kiatu. Na saa tisa peke yake kwa mtoto wa wiki nane haiwezekani. Lazima atolewe nje kila baada ya saa mbili hivi, na kila anapoamka au kumaliza kula. Akizoea kujisaidia ndani, utahangaika miezi.

Nyayo4
Ndiyo maana nikasema mbwa mzima. Dume la kilo 30 likiruka kusalimia linamwangusha wa miaka mitatu. Na mkichukua dume dogo, mlihasi mapema, miezi sita inatosha.

DktKwato
Hapo sikubali. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliotoka 2013, ulikuta Golden waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja wanapata zaidi matatizo ya viungo. Subiri mwili ukomae.

Mnaotania kuhusu kutafuna, sikilizeni hii. Labrador wa miezi tisa aliiba soksi ndefu ya nailoni, watoto wakamkimbiza, akaimeza ili asinyang'anywe. Siku ya kwanza alitapika chakula mara mbili, wenyewe wakadhani amekula kupita kiasi. Siku ya pili akawa anatapika maji ya njano. Siku ya tatu alilala tu, tumbo gumu, akiguswa anakunja mgongo. Soksi haikuonekana kwenye eksirei, ila utumbo ulionekana umejikunyata upande mmoja kama kitambaa kilichovutwa uzi. Ncha moja ilinasa tumboni, ya pili iliburutwa mbele, na kila utumbo ulipojivuta soksi iliukata kama msumeno. Ulitoboka sehemu mbili, na kipande kikabidi kiondolewe. Siku ya kwanza ingekuwa kazi ndogo.

Kambandefu
Kosa ni kumkimbiza. Mfundishe kubadilishana tangu siku ya kwanza. Akiwa na kitu mdomoni, mwekee kipande cha nyama puani, usivute kile kitu. Akiachia sema "toa", mpe nyama, kisha mrudishie kitu chake kama ni salama. Rudia mara tano kwa siku. Hapo anajua kuachia si kupoteza.

BabaWawili
Nimempigia mfugaji. Mama wa Labrador ana miezi 14, anasema nyonga zilipigwa picha na ni nzuri. Mama wa Golden ana miaka minne, ila karatasi za baba hazipo. Mke wangu anasema anaweza kubadilisha zamu.

DktKwato
Marekani, OFA, taasisi inayokagua picha za mifupa ya mbwa, haitoi daraja la kudumu la nyonga kabla ya miezi 24. Kwa miezi 14, hiyo ni picha ya awali tu. Tena amezaa mapema mno.

Nyayo4
Na huyo mwingine hana baba kwenye karatasi. Mwambie Jumamosi ipite.

Mkasi_na_Brashi
BabaWawili, yeyote utakayemchukua, masikio yake yananing'inia. Akitoka kuoga au kuogelea, mimina dawa ya kusafishia sikioni, kanda shina la sikio kwa sekunde 30, mwache atikise kichwa, halafu futa kwa pamba pale kidole kinapofika tu. Vijiti vya pamba vinasukuma uchafu ndani.

BabaWawili
Hiyo dawa ni kila siku?

Mkasi_na_Brashi
Hapana. Baada ya maji, na vinginevyo mara moja kwa wiki mbili. Ukisikia harufu ya chachu au akijikuna sikio moja tu, usisafishe, mpeleke kwa daktari kwanza.