Atachimenti ya mambo ya jamii, Lamu au Malindi?

binti_mkomani: Jamani salamu, mi niko mwaka wa tatu soshiolojia, natafuta pa kujifunzia nje ya chuo lakini sio kukaa ofisini kupiga fotokopi, nataka haki za watu, ardhi, mazingira hivi. Nyumbani Lamu, Malindi pia naenda. Nianzie wapi?

baharia_mstaafu: Mwanangu darasa liko hapo hapo nyumbani. Ile leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, hapo Lamu, baraza la rufaa za mazingira (NET) liliifuta Juni 2019 kwa vile wananchi hawakushirikishwa sawasawa, na mwaka mmoja kabla Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 sababu ya bandari mpya ya Lamu. Soma hukumu zote mbili kwanza, ziko kwenye mtandao bure, ndo uende kwa wavuvi. Na usianze na dodoso, kaa, sikiza, saidia kuandika mihtasari ya vikao.

kijana_wa_mida: Mzee kasema kweli ila wanafunzi wengi huja, wanapiga picha, ripoti inaenda chuo na sisi hatuioni tena 😅 ukija huku Mida karibu na Watamu, kwenye mikoko, rudisha ripoti kwa Kiswahili tafadhali

mama_sh: Dadangu chukua barua ya chuo na ya bima mapema, na uulize nani atakusainia logibuku (daftari la kazi zako za atachimenti), vikundi vingine havina msimamizi wa kudumu.

binti_mkomani: Shukran mzee wangu, shukran nyote. Hiyo ya Kiswahili nimeipenda, naanza na hukumu.