Bila digrii, unaweza kufika mbali JWTZ?

BintiKilosa
Wakuu, shikamooni. Baada ya kidato cha sita nilikwenda JKT Mafinga kwa mujibu wa sheria, na siku ya kufunga mafunzo wenzangu walikuwa wanashangilia kurudi nyumbani, mimi nikawa nalia. Nikaenda VETA kusoma ufundi wa magari. Sasa nataka kurudi JKT kwa kujitolea, nikitumaini kuchukuliwa JWTZ. Baba hataki kabisa. Anasema askari asiyepita Monduli, kwenye chuo cha maafisa, anazeeka akilinda geti. Ni kweli? Naomba waliopita huko wanieleze.

Mpitanjia77
Bila mtu wa kukushika mkono usijisumbue. Nina namba ya jamaa anayesaidia, njoo PM.

MzeeKarakana
Binti, marahaba. Kwanza huyo wa hapo juu mkwepe. Kila nafasi zikitangazwa jeshi lenyewe linaonya kwamba haziuzwi, na bado kila mwaka wazazi wanauza ng'ombe kuwapa matapeli. Ukiombwa hata ya vocha, nenda polisi.

Sasa la baba yako. Nimestaafu nikiwa Afisa Mteule Daraja la Kwanza, na Monduli sikusoma. Niliingia praiveti, nikapanda koplo usu, koplo, sajenti, sajini taji, hadi uteule. Ni kweli maafisa hutokea Monduli na ndiyo wanaoamuru. Lakini kikosi hakiendi bila watu wa ngazi yangu. RSM, yaani sajenti meja wa kikosi, si afisa wa Monduli, na luteni usu, afisa wa cheo cha chini kabisa, mwenye akili akifika kikosini humtafuta mapema ajifunze kwake.

Kilichonibeba ni spana. Nilikuwa na wenzangu hodari wa kwata kuliko mimi, wengine walibaki koplo miaka mingi kwa sababu kila kozi ikija walikuwa na udhuru. Mimi kila kozi ya ufundi iliyobandikwa ubaoni niliiomba, na nikinyimwa naomba tena. Jeshini cheo hakiji kwa umri, kinakuja kwa kozi, nidhamu na nafasi kuwepo. Hiyo ya tatu huna uwezo nayo, basi zishike mbili za mwanzo.

Ngoja nikupe picha ya kazi yenyewe. Nilikuwa Sudan, Darfur Kusini, Khor Abeche, na kikosi chetu cha UNAMID, ule ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika. Adui wa fundi kule ni vumbi. Chujio la hewa ulilolipuliza asubuhi, jioni ukiligonga kwenye tairi linamwaga kama unga wa dona. Ukilirudisha hivyohivyo, gari linakosa pumzi, linafuka moshi mweusi, halafu linazima katikati ya nyika na msafara wote unasimama kulilinda. Tarehe 13 Julai 2013 doria ilishambuliwa ikiwa safarini, Watanzania 7 wakauawa. Usiku ule hakuna aliyetoka karakana, na hakuna aliyetuamuru kubaki. Tulikagua kila gari upya, breki, mikanda, matairi, kwa sababu asubuhi vijana wangetoka tena. Tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kunishawishi kwamba kazi yangu ni ndogo.

Kwa hiyo, binti, usiulize kama bila digrii utafika. Uliza kama unaipenda kazi ya jeshi hata siku ambayo hakuna anayekutazama. Ukijibu ndiyo, ufundi ulionao ni mtaji. Jeshi lina kituo cha Nyumbu pale Kibaha kwa mambo ya magari, lina shirika la Mzinga Morogoro la kutengeneza risasi, na kila kikosi kina magari.

MamaKota
Mimi ni mke wa askari, naongezea la nyumbani. Tumehama Songea, Zanzibar, Arusha, na kila mara watoto wanaanza shule upya. Jirani yangu kota ni sajenti wa kike, akienda kozi watoto wanabaki kwa bibi yao Singida. Anaipenda kazi yake na watoto wanajivunia, ila yule bibi ndiye nguzo. Mdogo wangu, panga mapema nani atakuwa nguzo yako.

BintiKilosa
Asanteni sana. Mzee, nikikosa kuchukuliwa baada ya kujitolea? Na baba nimwambieje?

MzeeKarakana
Kujitolea hakukuhakikishii ajira, na hilo mweleze baba bila kuficha. Wengi wanamaliza mkataba na kurudi nyumbani. Ndiyo maana usiende mikono mitupu: cheti cha VETA halisi, cha kuzaliwa na cha shule viwe sahihi, majina yafanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA. Nimeona vijana wazuri wakirudishwa kwa herufi moja. Ndoa isubiri, maana kuandikishwa kunataka asiyeolewa.

Kule kambini kutakuwa na shamba, fatiki (kazi za mikono za kambi) na mchakamchaka. Usilikwepe shamba kwa kuwa wewe ni fundi. Trekta likigoma, ndipo useme.

Baba mwambie ukirudi bila ajira utarudi na ufundi uleule na mwili wenye nguvu zaidi, karakana za mtaani zitakupokea. Akitaka kuongea na mimi, niandikie PM, nitampigia.

Halafu, leseni ya udereva unayo? Fundi asiyeweza kulijaribu gari barabarani ni nusu fundi. Anza nayo sasa, kabla fomu za kujitolea hazijatoka wilayani.