Naomba ushauri: wageni wanakata kona, mlima unamomonyoka

Habari zenu wakuu. Naongoza wageni katika hifadhi ya mlima, na kinachoniumiza ni njia za mkato. Njia imepindapinda makusudi ili maji ya mvua yasishuke kwa kasi. Mgeni mmoja akikata kona, wengine wanafuata, na baada ya misimu michache pale pana korongo. Huko juu baridi hufanya mimea ikue polepole mno, hata kinyesi huchelewa kuoza. Tumeweka mawe na matawi, wanayaruka. Halafu kuna mbegu ngeni zinazopanda na matope ya viatu.

Mliowahi kufufua kipande kilichokanyagwa, mlianza na nini? Kufunga njia, kupunguza wageni kwa siku, au kupanda upya mimea ya asili?