Mradi unataka kutulipa tuache ukingo wa mto, mama hataki. Nisaini?

Ng'wanaMagu:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Shamba letu la urithi lipo Magu, kama ekari sita, linapakana na kijito kinachoingia mto Simiyu. Upande wa mtoni ndiko bustani ya mama ilipo: mchicha, nyanya chungu, na nyanya kidogo kiangazi. Mwezi uliopita walikuja watu wa mradi. Wanataka tuache mita 30 kutoka ukingoni, tupande mabingobingo (majani marefu ya malisho) na miti ya asili. Miche wanatoa wao, na watatulipa kwa ekari kila mwaka, miaka 10.

Mimi niliona neema. Ukingo ule unamegeka kila masika. Kuna mkuyu tulikuwa tunachezea chini yake utotoni, ukiwa mbali kabisa na maji. Safari hii nimekuta nusu ya mizizi inaning'inia hewani, na maji yanayopita chini yake yana rangi ya chai ya maziwa. Ila mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mnalipa mara moja kwa mwaka. Mchicha nauza Jumatano na Jumamosi. Hapo katikati nitakula matete?" Kimya. Hata mimi sikuwa na jibu.

Jogoo_la_Kisesa:
Mkuu, unapewa hela uache kitu ambacho sheria ilishakukataza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, ni mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Siku wakija na mkanda wa kupimia, mama anahamishwa bila senti. Saini haraka kabla hawajashtuka.

mama_majaruba:
Jogoo, sheria ina zaidi ya miaka 20, na majaruba ya mpunga bado yapo mpaka kwenye maji. Mtu mwenye njaa humwambii kifungu. Kule Uluguru wakulima walilipwa waweke matuta na miti mashambani kwa sababu maji ya Ruvu yanakwenda kunywewa Dar, na DAWASCO, shirika la maji la Dar wakati huo, walikuwa miongoni mwa walipaji. Anayekunywa alimlipa anayelinda. Sasa Ng'wanaMagu, huku kwenu anayelipa ni nani hasa? Mradi ukifungwa mwaka wa tatu, mkataba wa miaka 10 utamdai nani?

BwanaShambaMstaafu:
Swali la mama_majaruba ndilo la kwanza. La pili ni ng'ombe.

Kazi ya ule ukanda ni hii: mvua ikishuka shambani inabeba udongo, na fosforasi ya mbolea na samadi imeng'ang'ania kwenye udongo huohuo. Majani yakiwa mazito, maji yanapunguza mwendo na tope linabaki. Yasipozuiwa, fosforasi hiyo inafika ziwani na kulisha magugu maji, tunabaki kuyalaani. Mizizi ya miti nayo inashika ukingo. Kwa hiyo majani yakae upande wa shamba, miti karibu na maji. Lakini ng'ombe wakichonga njia moja tu ya kushukia kunywa, maji yote yanafuata njia hiyo na ukanda wako unabaki pambo. Dai sehemu ya kunyweshea iandikwe kwenye mkataba, na nani analipa miche ikiliwa na mifugo ya jirani.

Kuhusu mama: bonde la Naivasha, Kenya, wakulima wa juu walipewa vocha za pembejeo na watumia maji wa chini, na majani waliyopanda waliwalisha ng'ombe wao. Mabingobingo yanakatwa na kuuzwa, mkataba usiwazuie. Wazee wetu walifunga ngitili, yaani malisho ya akiba, bila kulipwa na mtu, ila kiangazi kikibana waliifungulia mifugo. Hawakufunga moja kwa moja.

Mlowezi_Ohio:
Huku Marekani serikali inakodi ukingo kwa mkulima, mpango ulianza na sheria ya 1985. Mkataba miaka 10 hadi 15, kodi kwa ekari kila mwaka, na gharama za kupanda wanachangia. Lakini mkulima wa huku hategemei mchicha wa Jumatano.

kapera_wa_Buhongwa:
Wakileta mikaratusi, wafukuze.

Jogoo_la_Kisesa:
Na wachimba mchanga je? Tipa zikishuka mtoni hapo juu yenu, hiyo miche ni sadaka.

Ng'wanaMagu:
Wabeja sana. Tipa zipo, Jogoo, tena mmoja wa wauzaji ni baba mdogo. Hiyo ni ya kikao cha ukoo, na shamba lenyewe bado halina hatimiliki ya kimila.

Nimempigia mama. Anasema bustani atahamishia juu kama watachimba kisima kifupi, na malipo yaje kila miezi mitatu. Ukanda tuanze na mita 15, masika mbili, tuone kama wanalipa kweli. Jumatatu narudi kwao na masharti hayo.

Kuna mwenye vipando vya mabingobingo maeneo ya Kisesa?

mama_majaruba:
Njoo PM. Beba magunia yako.